Wema Uliozidi Wajibu

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, na sifa njema zote ni zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, somo letu ni juu ya neno moja litumikalo sana vinywani mwa watu, nalo ni hili: "Si wajibu wangu." Huenda mtu akalisema naye ni mkweli, na huenda akalisema naye amekwisha kumdhulumu mwenziwe. Basi imetupasa tujue wajibu wakoma wapi na fadhila yaanzia wapi, tusije tukapunguza ule wala tukaikosa hii.

Jua, ewe ndugu, ya kwamba wanavyuoni wetu wamezigawanya amri za kheri mafungu matatu. Fungu la kwanza ni fardhi aini, imlazimuyo kila mtu kwa nafsi yake: kama Sala, na Saumu, na kumlisha na kumvisha mke na watoto, na kulipa deni. La pili ni fardhi kifaya: wakiitenda watu wa kutosha, wengine wameokoka, wakiiacha wote, dhambi huwaenea wote walioweza kuitenda, kama kumwosha maiti na kumzika. La tatu ni sunna: mwenye kuitenda ana thawabu, na mwenye kuiacha hana dhambi. Na watu wengi hukosea kwa kuwa hulitia fungu la pili katika la tatu. Huona haja ya jirani, wakasema ni hiari, kumbe ni fardhi iliyo shingoni mwao mpaka apatikane wa kuisimamia.

Nasi tutatoa mfano katika bonde la Kilombero, kwani huku mambo haya huonekana kwa macho. Ninyi mlioko pwani mwaujua mto huu kwa jina jingine. Mto Kilombero hupita karibu na Ifakara, ukakutana na Mto Luwegu, yakawa ndiyo maji ya Rufiji yaingiayo baharini mkabala wa Mafia. Zamani aliyetaka kwenda Ulanga kutoka Ifakara hakuwa na njia ila kivuko au mtumbwi. Na mwezi wa Januari mwaka 2016 kivuko kilipinduka mtoni kwa upepo na mvua. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja lenye urefu wa mita 384, watu wakapumua. Lakini daraja huvusha walio barabarani. Halimfikii mwenye kuzungukwa na maji nyumbani mwake. Katika masika ya mwaka 2024 maji yaliingia majumbani mwa watu Ifakara, na mwaka huo huo yakawafikia na ndugu zetu wa Rufiji. Kwa hiyo mwenye mtumbwi angali ana haja ya kujua hukumu yake.

Hali ya kwanza: mtu anazama, na wewe waweza kumwokoa. Hapa hapana hiari. Ni wajibu, na kama hapana mwingine ila wewe, umekulazimu wewe peke yako. Wala huna ruhusa kusimama ukapatana naye ujira ilhali maji yampita kichwa. Na ukiisha kumtoa, huna haki ya kumdai malipo, kwa kuwa ulitenda lililokulazimu. Ukiwa katika Sala, utaikata. Ukiwa umefunga Ramadhani, nawe huwezi kumwokoa ila kwa kufungua, utafungua. Kisha utalipa siku ile, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi'i utatoa pamoja nayo kibaba kimoja cha chakula cha mji, nacho kwetu ni mchele. Wala mas'ala haya si ya vitabuni tu: Ramadhani ya mwaka 2024 iliingia mwezi wa Machi, katika msimu wa masika. Tazama, ndugu yangu, jinsi Sharia ilivyoitukuza roho ya mwanadamu, hata nguzo katika nguzo za Uislamu ikaakhirishwa kwa ajili yake.

Hali ya pili: watu wamezungukwa na maji, lakini wako mahali palipoinuka na wakati ungalipo. Hapa wanavyuoni wamesema mwenye chombo aweza kupatana nao ujira kabla ya kuwavusha, kwani chombo ni mali yake na kazi ni jasho lake. Akitwaa nauli ya haki hakudhulumu, wala asitukanwe.

Hali ya tatu: mwenye chombo aijua haki yake hiyo, kisha amwona mjane na watoto wake hawana kitu, akawaambia, "Pandeni." Huu ndio wema uliozidi wajibu. Mwenye kutwaa nauli amesimama katika uadilifu. Huyu amepanda mpaka daraja ya ihsani. Na mji ukiwa na waadilifu tu hautaangamia, lakini maskini wake watakuwa wa mwisho kuvuka siku zote.

Wala usiulize kwanza kama mjane yule ni Mwislamu. Bonde hili lina Waislamu na Wakristo, nao hukaa nyumba kwa nyumba. Zaka ina watu wake waliotajwa. Ama sadaka ya sunna, fakihi zetu wameihalalisha kumpa hata asiye Mwislamu. Na katika Surat al-Mumtahina Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema wasiotupiga vita katika dini.

Huenda mwenye kusoma akasema, "Basi kheri nitoe vyote nilivyo navyo." La, ngoja. Imam Nawawi ameeleza katika Minhaji ya kuwa, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, ni haramu mtu kutoa sadaka kitu akihitajicho kwa kuwalisha wale walio juu yake, au kwa kulipa deni asilotaraji kulilipa kwa njia nyingine. Mwenye kuwaacha watoto wake juu ya kitanda, maji yanapanda, akaenda kuvusha watu wa mtaa wa pili ili asifiwe, huyo hakuzidisha juu ya wajibu, bali ameukimbia. Fardhi ni rasilmali na sunna ni faida. Na mfanya biashara aliyepoteza rasilmali hana faida ya kuhisabu.

Bali na aliyeishika fardhi yake asitosheke nayo. Mtazame Nabii Musa, amani imshukie, katika Surat al-Qasas. Alifika Madyan naye ni mkimbizi, hana mji wala jamaa. Akaona wachunga wananywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamesimama kando wakingoja, baba yao ni mzee. Hawakuwa jamaa zake, wala hapana aliyemwamrisha. Akawanyweshea, asitake ujira, kisha akaenda kivulini akamwomba Mola wake. Alikuwa na haja kuliko wao, wala haja yake haikumziba macho asiione yao. Baada ya hapo ndipo alipopata makazi, na kazi, na mke.

Wala usidhani wema huu ni wa mambo makubwa tu. Surat al-Ma'un imewalaumu wenye kusali ilhali wanazuia vyombo vidogo vya nyumbani: na wafasiri wamevitaja ndoo, na chungu, na shoka, na mfano wa hivyo. Mkono uzuiao ndoo siku ya jua hautafungua mtumbwi siku ya gharika.

Basi nasaha yetu, kwa jamaa wa kila msikiti ulio karibu na maji, huku bondeni na huko Rufiji, ni hii. Kabla ya masika kuingia, kaeni baada ya Sala ya Ijumaa mjue: nani ana mtumbwi, nani ajua kuogelea, nyumba ipi ina mgonjwa au mzee asiyeweza kutembea, na wapi pameinuka pa kuweka chakula. Fardhi kifaya isiyo na mwenyewe huangukia chini, kila mmoja akidhani mwenziwe ameishika. Na siku ya maji hapana nafasi ya kuulizana. Kisha kila mwenye wasaa aangalie ni nini aweza kukisamehe katika haki yake kwa ajili ya asiye nacho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitimiza fardhi zetu, na atupe moyo wa kuzidisha juu yake, na awarehemu waliochukuliwa na maji. Amin.