Nafasi Tupu Ndani ya Pipa la Mafuta

Mkoa wa Singida unajulikana kwa kilimo cha alizeti na ukamuaji wa mafuta yake. Ichukuliwe mfano wa ghala moja katika kata ya Utemini, mjini Singida. Pipa limetiwa lita 200 za mafuta yaliyotoka kinuni yakiwa na joto la nyuzi 40 za Sentigredi. Siku ya pili yamepoa hadi nyuzi 20, na yanapopimwa, karibu lita 3 hazionekani. Mlinzi anashukiwa kuwa ameiba. Je, shutuma hiyo ni ya haki?

Jambo la kwanza ni kupima. Si lazima kijiti kifike chini ya pipa. Yatosha kupima nafasi tupu, yaani umbali kutoka kifuniko hadi uso wa mafuta. Pipa lililosimama lina umbo la mcheduara. Ikiwa kipenyo chake cha ndani ni sentimita 57, nusukipenyo ni 28.5, na eneo la kitako ni:

3.14 × 28.5 × 28.5 = sentimita za mraba 2,550

Basi kila sentimita moja ya kina ni lita 2.55. Ikiwa kimo cha ndani ni sentimita 85, na nafasi tupu ni sentimita 6.6, mafuta yana kina cha sentimita 78.4, ambazo ni lita 200 hivi. Kanuni hii haifai kwa pipa lililolazwa: kina kikiwa robo ya kipenyo, mafuta hayafiki hata sehemu moja ya tano ya ujazo wote.

Jambo la pili ni joto. Mafuta ya kula husinyaa kwa kiasi cha 0.0007 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja inayopungua. Kwa hiyo:

200 × 0.0007 × 20 = lita 2.8

Nafasi tupu imeongezeka kwa sentimita 1.1, bila hata tone moja kuchukuliwa. Kwa sababu hiyo hiyo pipa halijazwi pomoni: mafuta yakipata joto la jua hutanuka, na yakikosa nafasi husukuma kifuniko na kuvuja. Katika meli za mafuta pia hupimwa nafasi tupu ya kila tangi pamoja na joto, kisha ujazo hurekebishwa.

Shahidi wa kweli ni mizani. Joto hubadili ujazo, lakini halibadili uzito. Kama lita 2.8 zingeibwa, pipa lingepungua kilo 2.6 hivi. Uzito usipopungua, mlinzi hana hatia.

Zoezi: Pipa kama hilo lina nafasi tupu ya sentimita 12. Mafuta ni lita ngapi? Joto likiongezeka kwa nyuzi 15, nafasi hiyo itapungua kwa kiasi gani? (Majibu: lita 186 hivi; sentimita 0.8 hivi.)