Kukonda si Mawazo Tu

Wanafunzi wenzangu, muhula wa mitihani sketi yangu ililegea nikaifunga kwa pini. Mama akasema, "Ni mawazo ya masomo." Kweli, wasiwasi huondoa hamu ya kula na usingizi, nami chakula cha mchana nilikuwa naruka. Lakini kifua kikuu na kisukari pia hukondesha! Ukikohoa wiki mbili, au ukiwa na kiu sana na kukojoa kila mara, usingoje. Hata bila dalili hizo, mtu wa kilo 50 akipungua kilo 2.5 ndani ya mwaka bila kukusudia, aende hospitali. Mimi nilipimwa, sikupatikana na ugonjwa. Sasa nakula ugali na chinsaga kwa wakati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.