Pamba na Jeraha Linalotoka Damu

Mkulima aliyejikata kwa panga akiwa katikati ya shamba la pamba hushawishika kuchuma kitonge na kukishindilia jerahani. Ni kweli kwamba mimea huweza kuzuia damu, lakini si kwa njia hiyo.

Pamba ya shambani ina nta ya asili. Tia kitonge chake katika bakuli la maji, utakiona kinaelea. Kiwandani huchemshwa kwa magadi makali hadi nta itoke, ikaoshwa, ikang'arishwa na kutakaswa vijidudu. Hapo ndipo nyuzi zake hunywa majimaji ya damu, na damu ikapata pa kugandia. Kutokana na nyuzi hizohizo za mimea hutengenezwa vitambaa ambavyo daktari mpasuaji huviacha ndani ya mwili, vikayeyuka vyenyewe. Mwani wa kahawia nao hutoa nyuzi za aljineti, zinazogeuka ute mzito zikilowa damu. Mwani unaolimwa Unguja na Pemba ni wa jamii nyingine.

Nyumbani, hata hivyo, kinachookoa zaidi ni mkono. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi cha pamba kwa dakika 10, bila kufunua ili kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Udongo, majivu na majani yasitiwe kamwe, kwani huweza kuingiza pepopunda. Damu ikiruka kwa mipigo au isipokoma, majeruhi apelekwe kituo cha afya upesi, na mkono usiondolewe jerahani njiani.