NYASI ZA ASILI: MAFICHO YA VIUMBE NA DAWA YA MAGUGU

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, katika somo hili tutazungumzia kitu ambacho wengi wetu hukikanyaga kila siku bila kukitazama, nacho ni nyasi. Tutaona nyasi za asili zina faida gani kwa viumbe, magugu huingiaje mahali pake, na vipi tunaweza kuzirudisha. Jambo kubwa tunalotaka mlishike ni hili: gugu haliishi kwa kung'olewa tu, bali huisha pale nafasi yake inapochukuliwa na mmea mwema.

1. NYASI NI NYUMBA

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Tuzingatie kuwa ndege na mnyama wametajwa pamoja na mtu.

Nyasi nyingi za asili za nyanda kavu za Afrika Mashariki huota mafungu mafungu, na baina ya fungu na fungu huwa na nafasi. Kwale na kanga hutaga mayai chini. Vifaranga wao hupita katika nafasi hizo wakitafuta wadudu, na majani ya juu huwasitiri wasionwe na mwewe. Swala tomi naye humlaza mtoto wake nyasini katika siku za mwanzo, akaenda kula na kurudi kumnyonyesha. Tohe hujibanza katika nyasi ndefu. Nyasi zikiondoka, hata mvua inyeshe vipi, viumbe hawa hukosa pa kujificha.

2. HIMA NA NGITILI

Kuhifadhi malisho si jambo geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliifanya Naqi', karibu na Madina, kuwa hima, yaani ardhi ya malisho iliyohifadhiwa. Baadaye Khalifa Umar bin Al-Khattab (R.A.) akahifadhi Sharaf na Rabadha.

Hapa Tanzania, Wasukuma wana desturi inayofanana na hiyo, iitwayo ngitili. Sehemu ya malisho hufungwa wakati wa masika ili nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi mifugo ile. Huko Shinyanga ngitili nyingi zilipotea kwa sababu ya kufyeka misitu ili kuua mbung'o, kilimo cha pamba, na kuhamishwa watu wakati wa kuanzishwa vijiji katika miaka ya 1970. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Ndege na wanyama wadogo waliokuwa wamehama walirejea. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuhitaji mbegu. Ilihitaji watu kukubaliana kuipumzisha ardhi na kuheshimu makubaliano yao.

3. MAGUGU HUINGIA WAPI?

Magugu hupenda ardhi iliyo tupu. Mifugo ikizidi, nyasi huliwa mpaka mizizi ikachoka, udongo ukabaki wazi, na mgeni akapata mlango. Tutaje wageni wawili waliotoka bara la Amerika.

(a) Mathenge. Mti huu ulipandwa Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupata kuni na kuzuia jangwa. Nia ilikuwa njema, lakini mti ulienea kwa mbegu zinazobebwa na mifugo, ukameza malisho. Mbuzi waliokula sana maganda yake matamu waliharibika meno. Mwaka 2006 wakazi walifikisha kilio chao mahakamani.

(b) Gugu karoti. Lilitambuliwa Arusha mwaka 2010. Shina moja laweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi, huchochea pumu, na huyachafua maziwa ya ng'ombe anayelila. Pia hutoa sumu ardhini inayozuia mimea mingine isiote.

4. HATUA ZA KUPANDA

Pale ambapo mizizi ya nyasi bado ipo, kuipumzisha ardhi hutosha. Pale ilipokwisha kabisa, tufuate hatua hizi:

Kwanza, kuchagua mbegu ya pale pale. Katika nyanda kavu hupandwa Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus. Tusidhani kuwa nyasi njema hapa ni njema kila mahali. Cenchrus hiyo hiyo ilipopelekwa Australia na Marekani, iligeuka kuwa gugu katika majangwa ya huko.

Pili, kuvuna na kuhifadhi. Mbegu zikomae, zikaushwe kivulini na kuwekwa katika mifuko inayopitisha hewa. Mbegu mpya huwa kama imelala, hivyo ikae miezi kadhaa kabla ya kupandwa.

Tatu, kutayarisha ardhi. Tuondoe magugu, kisha tuchimbe mifereji midogo inayokingama mteremko ili maji yasimame. Ardhi ngumu humwaga maji na mbegu pamoja.

Nne, kupanda kabla tu ya mvua. Kiasi cha kilo 5 za mbegu hutosha hekta moja. Mbegu zifunikwe kwa udongo mwepesi, sentimita 1 au 2 tu. Zikizama sana hazitoki.

Tano, kuzungushia uzio, na mifugo isiingie mpaka nyasi zimwage mbegu.

5. KUPIGANA NA MAGUGU

Msimu wa kwanza ndio wa hatari, kwa kuwa gugu hukua haraka kuliko nyasi changa. Tupalilie mapema, kabla gugu halijatoa maua. Gugu karoti ling'olewe na mzizi wake, mikono ikiwa ndani ya glavu na pua ikiwa imefunikwa. Mwenye pumu asishiriki. Mathenge ukikatwa juu huchipua tena, kwa hiyo ukatwe chini ya udongo, ng'oe na shina la mizizi.

Kazi hiyo ikiisha, tupande nyasi mara moja. Anayesafisha na kuacha wazi amemtayarishia adui kitanda. Huko Baringo, tangu miaka ya 1980, wenyeji wamezungushia uzio ardhi zilizokufa na kuzipanda nyasi za asili, na leo wapo wanaouza majani na mbegu.

Nyasi zikishashika, zitumike kwa kiasi. Tusikate wala kulisha zote kwa pamoja. Tuache sehemu ndefu kila msimu, na tusifyeke wakati ndege wanapoatamia.

MWISHO

Ndugu wanafunzi, somo hili lina funzo la nafsi pia. Mwenye kuacha tabia mbaya asipoijaza nafasi yake kwa ibada na kazi njema, tabia ile humrudia. Ardhi ni amana, na nafsi ni amana. Tuanze na kipande kidogo kilicho karibu nasi, tukipumzishe, tukipalilie, tuone nani atakuja kuishi humo.

Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nini maana ya hima, na inafanana vipi na ngitili?
2. Kwa nini vifaranga wa kwale huhitaji nyasi za mafungu?
3. Eleza kwa nini mbegu mpya isipandwe mara tu baada ya kuvunwa.
4. Taja gugu moja linaloota mtaani kwenu. Liliingiaje, na ungepanda nini mahali pake?