Beberu alindwe na mawe ya mkojo kiangazi hiki

Kuanzia Juni hadi Agosti malisho ya Murukulazo, wilayani Ngara, hukauka, na wafugaji wengi wa Ngara na Biharamulo hutegemea pumba za mashineni ili mbuzi wa kuuza asikonde. Majike huvuka salama. Anayeumia ni beberu, na zaidi maksai.

Pumba za mahindi zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Mbuzi hutoa fosforasi ya ziada kwa njia ya kinyesi, lakini ikizidi, figo huimwaga kwenye mkojo. Maji yakiwa haba mkojo hukolea, madini yakashikana na kuwa vijiwe. Hayo hutokea kwa dume na jike. Ila mrija wa mkojo wa jike ni mfupi na mpana, kwa hiyo vijiwe hutoka bila shida. Wa dume ni mrefu, umepinda mara mbili, na nchani una kijimrija chembamba ambacho punje moja hutosha kukiziba. Jike anayenyonyesha, tena, hutoa madini mengi kwenye maziwa.

Beberu aliyezibwa husimama akijikamua, hupigapiga mkia, hulia, na mkojo hutoka kwa matone au usitoke kabisa. Nywele za mdomo wa govi hushika chembe ngumu kama mchanga. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta. Huko ni kupoteza muda, maana kibofu au mrija unaweza kupasuka. Afisa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Wakati mwingine kukata kile kijimrija cha nchani hufungua njia.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Pumba zipunguzwe, na dume apewe zaidi majani ya lukina, kaliandra au viazi vitamu, yenye kalsiamu nyingi. Kalsiamu katika chakula iwe angalau mara mbili ya fosforasi. Anayelazimika kulisha pumba aongeze chokaa ya mifugo kwa kipimo cha mtaalamu, wala asitumie unga wa mifupa, kwani nao una fosforasi. Jiwe la chumvi na maji safi yasikose bandani.

Kuhasi kusiharakishwe: mrija huhitaji homoni za kiume ili upanuke. Ni heri kusubiri afikie miezi minne hivi, dume akitengwa na majike, kwa kuwa umri huo tayari anaweza kupanda.

Mwenye beberu wa kunenepesha akague mkojo wa dume huyo kila asubuhi kabla ya kumwaga pumba horini.