Swichi ya Kunyamazisha Gita

Mjomba wangu hupiga benga kwenye harusi za Kitui na Makueni. Alinikubalia nitie swichi ya kukatakata sauti, ta-ta-ta, katika gita lake la umeme. Tom Morello wa Marekani, ambaye baba yake ni Mkenya, hupata mlio huo kwa kuchezesha swichi ya kuchagulia sumaku za gita. Gita la Mjomba lina sumaku moja tu.

Nilidhani kunyamazisha ni kukata. Nikaukata waya wa sauti, nikatia swichi katikati. Lo! Kila nilipoizima, amplifaya ilivuma vuuu! Na harusi ilikuwa Jumamosi.

Mwalimu wa fizikia akanieleza: waya ulioachwa ukining'inia hudaka mvumo wa umeme kama eriali. Dawa ni kuunganisha, si kukata. Tafuta kitufe cha kengele ya mlango, kile kinachounganisha kikibonyezwa tu. Chomoa gita kwenye amplifaya. Ndani ya tundu la kuchomekea, lehemu mguu mmoja wa kitufe penye waya wa sauti na wa pili penye waya wa ardhi. Ukibonyeza, sauti hupita njia ya mkato hadi ardhi, amplifaya isipate kitu. Kimya! Ukiachia, gita lalia.

Ijumaa jioni Mjomba alijaribu, akacheka: "Mpwa wangu, harusi ipo!"

Basi wenzangu, kabla ya kukata waya, ulizeni. Kuuliza si ujinga.