Makumbusho ya Reli na Siku za Kuikumbuka

Watu wengi wamepanda gari la moshi. Wengi zaidi wameliona likipita. Lakini ni wachache waliojiuliza: Nani alilaza reli hizi? Walikula nini? Walilala wapi? Wangapi hawakurudi kwao?

Katika somo hili tutasoma habari za Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Tutajifunza siku za kuikumbuka reli. Kisha tutaona namna ya kusoma tangazo la sherehe, na namna ya kufanya ukumbusho wetu wenyewe hapa kijijini.

1. Jumba la makumbusho

Jumba hili lipo karibu na stesheni ya gari la moshi ya Nairobi. Lilifunguliwa mwaka 1971. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilivunjika, na kila nchi ikawa na shirika lake. Kwa hiyo vitu vya makumbusho haya ni urithi wa nchi zote tatu.

Uwanjani zimesimama injini kuukuu za mvuke. Moja ni kubwa sana. Jina lake ni Mount Gelai. Gelai ni mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Injini za aina hiyo zilikuwa 34. Zilitengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wa injini moja ulizidi tani 250. Zilivuta mizigo mizito kutoka Mombasa kupanda bara.

Lipo pia behewa dogo la zamani. Mwezi wa Juni mwaka 1900, behewa hilo lilikuwa limesimama katika stesheni ya Kima, kati ya Mombasa na Nairobi. Ndani yake walikuwamo wazungu watatu waliokuwa wakimvizia simba mla watu. Mmoja wao, ofisa wa polisi aliyeitwa Charles Ryall, alikuwa zamu. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia behewani, akamkamata, akatoka naye dirishani. Wageni wengi hupenda kuliona behewa hilo.

2. Siku za kukumbuka

Zipo tarehe ambazo kila mwaka zinatupa nafasi ya kuikumbuka reli na watu wake. Ziandike katika daftari lako.

18 Mei: Siku ya Makumbusho Duniani. Ilianza kuadhimishwa mwaka 1977. Siku hiyo majumba ya makumbusho ya nchi nyingi hufanya maonyesho na kualika watu.

30 Mei: Siku reli ilipofika Nairobi, mwaka 1899. Wakati huo Nairobi haikuwa mji. Palikuwa mahali pa maji na majani, ambapo Wamasai walinywesha ng'ombe wao.

20 Oktoba: Siku ya Mashujaa nchini Kenya. Siku moja kabla yake, yaani 19 Oktoba, ndiyo siku aliyouawa Koitalel arap Samoei, mwaka 1905. Yeye aliwaongoza Wanandi kupinga utawala wa Waingereza na reli iliyopita katika nchi yao.

20 Desemba: Siku reli ilipofika Ziwa Victoria, mahali panapoitwa Kisumu sasa, mwaka 1901.

Ipo pia miaka mikubwa inayokuja. Mwaka 2029 itatimia miaka 130 tangu reli ifike Nairobi. Mwaka 2031 itatimia miaka 130 tangu ifike Kisumu. Mwaka huohuo wa 2031 makumbusho yenyewe yatatimiza miaka 60.

3. Tunamkumbuka nani?

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Uingereza ilileta wafanyakazi zaidi ya 31,000 kutoka India. Walikata miti, walichimba udongo, walijenga madaraja na kulaza mataruma. Walipatwa na malaria, kuhara na vidonda. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Waliobaki hai, wengi walirudi kwao, na wengine elfu kadhaa wakakaa Afrika Mashariki.

Mwaka 1898 kazi ilifika mto Tsavo. Huko simba wawili waliwala wafanyakazi kwa muda wa miezi mingi. Mwezi wa Desemba mwaka huo, mhandisi J. H. Patterson aliwaua simba hao kwa bunduki. Leo simba hao wako mbali sana na Tsavo. Ngozi zao ziliuzwa, na sasa wanaonyeshwa katika makumbusho ya Chicago, Marekani.

Patterson aliandika kitabu juu ya habari hizo. Alisema kwamba simba waliua wafanyakazi Wahindi 28. Alisema pia kwamba Waafrika wengi waliuawa, lakini hesabu yao rasmi haikuandikwa.

Soma tena maneno hayo: hesabu yao haikuandikwa. Watu hao walikuwa na majina. Walikuwa na wake, watoto na wazazi waliowangoja nyumbani. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeandika, hata idadi yao hatuijui. Injini ya tani 250 imehifadhiwa vizuri. Jina la baba wa mtu limepotea.

Hii ndiyo sababu sherehe ya reli isiwe ya kusifu vyuma tu. Ni siku ya kuwakumbuka waliofanya kazi, waliokufa, na walionyang'anywa ardhi ili reli ipite. Na sisi tuliojifunza kusoma na kuandika tuna wajibu zaidi. Tukinyamaza, habari za wazee wetu nazo zitapotea.

4. Kusoma tangazo la sherehe

Ukiona tangazo la sherehe katika makumbusho, usilisome haraka. Tafuta mambo haya matano:

(a) Sherehe ni ya nini?
(b) Ni siku gani na tarehe gani? Tazama kalenda uone kama siku na tarehe zinapatana.
(c) Ni saa ngapi?
(d) Ni mahali gani?
(e) Kiingilio ni kiasi gani? Je, watoto na vikundi vya wanafunzi hulipa kiasi kilekile?

Jihadhari na saa. Matangazo mengi ya mjini huandikwa kwa saa za Kiingereza. Likisema 9.00 asubuhi, maana yake ni saa tatu asubuhi. Likisema 2.00 mchana, maana yake ni saa nane. Mtu akikosea hapo, atafika wakati viti vinakusanywa.

Kama darasa linataka kwenda pamoja, chagueni katibu. Katibu aandike barua mapema kwa msimamizi wa makumbusho. Aeleze mtakuwa wangapi, mtafika lini, na mnataka kujifunza nini. Kisha darasa lipange nauli na chakula cha njiani. Msiondoke kabla ya kupata jibu.

5. Siku ya reli kijijini

Nairobi ni mbali kwa wengi wetu. Nauli ni kubwa, na shamba halingoji. Lakini ukumbusho unaweza kufanyika hata chini ya mwembe.

Chagueni tarehe moja kati ya zile tulizosoma. Waalikeni wazee waliofanya kazi ya reli, au watoto wao. Huenda yuko aliyekuwa fundi, mpiga bendera, mtia mafuta au mchuuzi wa ndizi stesheni. Mwombeni kila mmoja asimulie. Atakayekuja na taa ya zamani, kofia ya kazi, tiketi au picha, aiweke mezani watu waione. Akiondoka, aondoke na kitu chake.

Wanafunzi wawili waandike anayosema mzee. Waandike jina lake, alikozaliwa, kazi aliyofanya na miaka aliyoifanya. Baadaye mmsomee maneno yake. Akisema mmekosea, sahihisheni. Akikataa jambo fulani lisiandikwe, msiliandike.

Hili hapa tangazo la kujaza. Linakilini katika karatasi kubwa:

TANGAZO
SIKU YA KUKUMBUKA KAZI YA RELI
Siku: ................ Tarehe: ................
Saa: ................ Mahali: ................
Wote mnakaribishwa, wazee kwa vijana.
Mwenye kitu cha zamani cha reli aje nacho.
Hakuna kiingilio.
Katibu wa Darasa: ................

Msingoje mwaka 2029. Mzee aliyeko leo huenda asiwepo siku hiyo.

Maneno ya kujifunza

Taruma: ubao au chuma kinacholazwa chini ya reli.
Behewa: chumba cha gari la moshi cha kuchukulia abiria au mizigo.
Urithi: mali au mambo tuliyoachiwa na waliotutangulia.
Kuadhimisha: kufanya sherehe ya kukumbuka jambo.
Kiingilio: fedha za kulipa mlangoni.

Maswali

1. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka gani?
2. Kwa nini tunasema vitu vyake ni urithi wa nchi tatu?
3. Reli ilichukua miaka mingapi kutoka Mombasa hadi Kisumu?
4. Tangazo linasema 10.00 asubuhi. Kwa saa zetu ni saa ngapi?
5. Hesabu: Kutoka Mombasa hadi Kisumu reli ilikuwa na urefu wa kilomita 930 hivi. Wafanyakazi kutoka India waliokufa ni 2,500 hivi. Kwa kila kilomita moja walikufa watu wangapi?

Ya kujadiliana

Kwa nini hesabu ya Waafrika waliouawa Tsavo haikuandikwa? Je, kijijini kwetu ni habari gani ambazo bado hazijaandikwa? Nani anazijua? Tutamwendea lini?